Msimkate kijana mshahara, mnunulieni shogi

Na Mama Zuhura

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua ninavyouchukia mpira wa tyubu. Wiki hii umeniongezea sababu.

Jumanne mchana, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kijana wa kusambaza mizigo anaegesha pikipiki yake ya Boxer chini ya ghorofa. Juu ya keria kuna maboksi manne yaliyokazwa kwa vipande vya tyubu, fundo juu ya fundo. La mteja wa ghorofa ya nne ndilo lililo chini kabisa. Akafungua yote, akalitoa, akaanza kufunga upya matatu yaliyobaki huku mteja akimpigia simu kumuuliza amelala wapi. Akapanda ngazi mbio. Aliposhuka, boksi moja halipo.

Wezi tunawajua, sina jipya la kuwaambia. Kilichonichemsha damu ni bosi. Kijana alimpigia, simu ikiwa kwenye spika, tukasikia wote: "Uzembe wako huo. Nakata kwenye mshahara." Na watu waliosimama pale wakaafiki. Uzembe! Nikawauliza, alitakiwa apande na maboksi manne kichwani? Muuza maji akanijibu, "Mama, hii ndiyo Kariakoo." Hapana, baba. Si Kariakoo iliyomtuma kijana kazini na vipande vya tyubu.

Shogi za pikipiki zipo. Ni mikoba miwili ya pembeni, inakaa kwenye fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti. Kila mkoba una ndoano zinazoshika fremu na kufuli la ufunguo. Ukifika kwa mteja unafungua makufuli, unavuta mipini, mikoba imetoka, unapanda nayo ngazi. Inayobaki chini ni fremu tupu. Ukirudi unaipachika, unafunga, unaondoka. Punda wa Lamu hubeba shogi hivyohivyo, uzito sawa kulia na kushoto. Pikipiki zetu tunazirundikia mzigo juu na nyuma ya gurudumu la nyuma, hadi usukani unakuwa mwepesi na dereva anapambana nao kila kona.

Na kipande cha tyubu kikilegea njiani kikanaswa kwenye cheni? Gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla, katikati ya Barabara ya Morogoro, daladala ikiwa mgongoni. Dereva huyo naye mtamwita mzembe?

Lakini msikimbilie kununua mkoba wowote. Ipo ya kitambaa inayoshikwa kwa vibonyezo vya plastiki, haina ufunguo. Hiyo inachomoka haraka kwa dereva, na kwa kibaka inachomoka haraka vilevile. Iacheni. Upande wa ekzosi, fremu iuweke mkoba mbali na bomba, la sivyo utayeyuka na kilichomo kitaungua. Mikoba isichomoze kupita usukani, maana dereva hupima upenyo wa foleni kwa usukani wake. Fremu yenyewe haihitaji kuagizwa ng'ambo. Mpelekeeni pikipiki fundi mzuri wa kuchomelea pale Gerezani, apime, akate, achomelee. Kufuli ndilo la kutolea fedha, msilionee uchungu.

Nilimwomba kijana simu, nikazungumza na bosi wake mwenyewe. Akaniambia niendelee na magazeti yangu, biashara yake nimwachie. Kijana alisimama pembeni yangu akiviringisha vile vipande vya tyubu mkononi, hasemi neno, ana maboksi mawili bado ya kupeleka.

Magazeti ninaendelea nayo, bosi, na leo ninakuandikia wewe. Ulimpa pikipiki, ukampa mali za watu, ukamnyima pa kuzifungia. Boksi lililopotea ni deni lako. Usimkate mshahara wake.