Hiroshima Haikuwa Njia Pekee

Bomu la atomiki lilimaliza vita na kuokoa maisha ya watu. Huku Ikinga, wilayani Ileje, maneno hayo utayasikia kwa mwalimu wa historia na kwa kijana wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani. Ukishuka hadi Tunduma utayasikia tena kijiweni, kwa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Atakayesimulia zaidi ataongeza kwamba Wajapani wasingesalimu amri kamwe. Marekani ilikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kudondosha bomu, au kupeleka vijana wake milioni moja wakafie ufukweni. Hapakuwa na njia nyingine.

Napinga imani hiyo. Kwamba bomu lilichangia kumaliza vita, hilo hakuna mwanahistoria makini anayelikataa. Ila dai kwamba hapakuwa na njia nyingine si kweli, na linatudhuru sisi watu wa ukanda huu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na ile milioni. Ilienezwa na Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Harper's mwezi Februari 1947. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tangu miji miwili, Hiroshima na Nagasaki, iteketezwe, na wakosoaji walikuwa wameanza kuuliza maswali. Stimson aliandika kwamba kuivamia Japani kungeligharimu jeshi la Marekani zaidi ya watu milioni moja, waliokufa na waliojeruhiwa kwa pamoja. Mwaka 1955 Rais wa zamani Harry Truman akaandika katika kumbukumbu zake kuwa maisha ya Wamarekani nusu milioni yaliokolewa. Mwanahistoria Barton Bernstein alipofukua nyaraka za wapangaji wa vita za Juni 1945, alikuta makadirio ya vifo ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa 46,000.

Richard Frank, mtafiti anayeutetea uamuzi wa Truman kwa hoja nzito kuliko wengi, amejibu kwamba kufikia Julai Wajapani walikuwa wamejaza askari kisiwani Kyushu, na makadirio ya Juni yalikuwa yamepitwa na wakati. Nakubali. Na tuseme hata makadirio makubwa ndiyo sahihi. Bado tarehe zenyewe zinaipinga hadithi tunayosimuliwa. Uvamizi wa Kyushu ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba 1945. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na karibu miezi mitatu. Asubuhi ile hakuna askari wa Marekani aliyekuwa ndani ya boti akisubiri kurukia ufukweni. Kulikuwa na muda wa kujaribu mambo mengine, na mambo hayo yalikuwepo.

La kwanza lilimhusu mfalme. Marekani ilikuwa ikizinasa na kuzisoma simu za maandishi kati ya waziri wa mambo ya nje wa Japani, Shigenori Togo, na balozi wake mjini Moscow, Naotake Sato. Mwezi Julai zilionyesha kwamba Tokyo inatafuta namna ya kutoka vitani, na kwamba kikwazo kikubwa ni kutakiwa isalimu amri bila masharti. Stimson mwenyewe, pamoja na Joseph Grew aliyewahi kuwa balozi huko Tokyo, walishauri Japani iambiwe wazi kwamba inaweza kubaki na mfalme wake. Sentensi hiyo ilikuwemo katika rasimu ya tamko la Potsdam, lililoitaka Japani isalimu amri. Tamko hilo lilipotolewa tarehe 26 Julai, sentensi ilikuwa imeondolewa. Baada ya miji miwili kuteketea, Washington iliruhusu kiti cha mfalme kibaki chini ya kamanda wa majeshi ya washirika, na Hirohito akaendelea kuwa mfalme hadi alipofariki mwaka 1989. Jambo lililokataliwa Julai lilikubaliwa Agosti, maiti zikiwa zimekwishahesabiwa kwa maelfu.

Frank anakumbusha kwamba Sato alipopendekeza sharti hilo moja la mfalme, Togo hakulikubali. Ni kweli, wala sitaificha. Lakini kabla ya mabomu Marekani haikuwa imeitolea Japani ahadi hiyo hadharani, na ahadi ambayo haikutolewa haiwezi kuhesabiwa kuwa ilikataliwa.

Njia ya pili ilikuwa kuwasubiri Warusi. Huko Yalta, Februari 1945, Stalin aliahidi kuingia vitani dhidi ya Japani ndani ya miezi mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Tarehe 17 Julai alimthibitishia Truman ahadi hiyo, na jioni hiyo Truman akaandika katika shajara yake kwamba Warusi wakiingia, Wajapani watakwisha. Walitangaza vita tarehe 8 Agosti, na usiku huohuo majeshi yao yakamiminika Manchuria. Mwanahistoria Tsuyoshi Hasegawa, aliyesoma nyaraka za Kijapani, za Kirusi na za Kimarekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba pigo hilo ndilo lililoutikisa zaidi uongozi wa Tokyo, kwa kuwa liliua tumaini la kupatanishwa na Moscow. Sadao Asada, msomi wa Kijapani, anapinga na kusema bomu ndilo lililowapa wapenda amani nguvu ya kuwashinda majenerali. Wawili hao hawakubaliani, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wasomi waliotumia maisha yao katika nyaraka hizo bado wanabishana. Sisi tumepata wapi uhakika wa kumfundisha mtoto jibu moja?

Sasa tazama Nagasaki, maana huko utetezi unakosa pa kushika. Amri ya kutumia mabomu ilisainiwa na Jenerali Thomas Handy tarehe 25 Julai, siku moja kabla ya tamko la Potsdam kutolewa. Iliruhusu bomu la kwanza, kisha mengine kadiri yatakavyokuwa tayari. Hakuna kikao kilichokaa baada ya Hiroshima kuuliza kama la pili linahitajika. Siku tatu tu zilipita, na baraza la Tokyo lilikuwa bado linapokea taarifa. Ndege ilielekea Kokura, ikakuta anga limezibwa, ikageuza kwenda Nagasaki. Maelfu ya watu wakafa kwa sababu ya mawingu juu ya mji mwingine. Hadi mwisho wa mwaka 1945 waliokufa wanakadiriwa kufika 140,000 Hiroshima na 70,000 hivi Nagasaki, wengi wao raia. Atakayesema hapakuwa na njia nyingine aanze kwa kueleza kwa nini hapakuwa na siku nyingine.

Kuna hoja inayonigusa zaidi, kwa sababu inahusu watu wetu. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile. Wanajeshi wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakiwemo wa batalioni za Tanganyika, walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana na Wajapani huko Burma. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, na Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Mwezi Februari mwaka huohuo manowari ya Kijapani ilikuwa imeizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives. Watu karibu 1,300 walikufa, na mamia kati yao walikuwa askari wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu ananiambia: bila bomu, babu yako angerudishwa vitani. Wewe unalalamikia nini?

Naiheshimu hoja hiyo, kwani Japani ya wakati ule ilikuwa dola katili, na watu wa China na wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wakifa kila siku chini yake. Kila mwezi wa vita ulikuwa na makaburi yake. Hata kuizingira Japani kwa manowari kungekuwa kuwaua raia kwa njaa. Lakini hoja hiyo inalinganisha bomu na vita isiyokwisha, wakati zilikuwepo njia za kuimaliza vita mapema ambazo hazikujaribiwa. Tena inawatumia wazee wa Burma kama kisingizio. Mzee aliyebeba bunduki kule Chindwin alipigana na askari mwenzake. Hakuna aliyemwomba ridhaa ya kuwachoma watoto wa shule kwa jina lake.

Kuna pia upande mwingine wa hesabu ambao hatuutaji. Sehemu kubwa ya madini yaliyotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka kwa majirani zetu. Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, karibu na Likasi, eneo linalotoa shaba inayopita Tunduma kwa malori kila siku kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ndiyo iliyoumiliki. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe ya urani, na Septemba 1942 akamuuzia mawe hayo Kenneth Nichols, ofisa wa jeshi la Marekani. Takribani theluthi mbili ya urani yote ya mradi wa bomu ilitoka Kongo. Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Wachimbaji waliobeba mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala hawakuambiwa yanavyodhuru mwili. Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo walipogoma mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara, askari wa kikoloni waliwafyatulia risasi na kuua makumi. Anayejumlisha maisha yaliyookolewa na bomu hawahesabu hao. Tukiikariri hesabu yake, nasi tunawafuta.

Na sisi kusini mwa Tanzania ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kuikubali mantiki hii, kwa sababu tumekwisha kufanyiwa. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani alimshauri Gavana Götzen kwamba risasi peke yake haitawatiisha wenyeji. Njaa ndiyo itakayowatiisha. Maghala yakachomwa, mashamba yakateketezwa, chakula kikaporwa, kutoka Ungoni hadi Upangwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wetu wameandika idadi kubwa zaidi ya hiyo. Wengi walikuwa akina mama, wazee na watoto ambao hawakushika silaha. Waliotoa amri nao walikuwa na maelezo: njaa itafupisha vita. Hakuna Mtanzania anayesimama leo kuyasifu maelezo hayo. Basi kwa nini tunayasifu yakiwa ya Hiroshima? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mtu asinielewe vibaya. Simwambii msomaji aiache hadithi moja rahisi ashike nyingine. Wapo wanaosema Japani ilikuwa imekwisha kabisa, na kwamba bomu lilirushwa kumtisha Stalin tu. Gar Alperovitz alijenga hoja ya namna hiyo mwaka 1965, na watafiti waliomfuata wameipunguza sana. Hata baada ya Nagasaki baraza la vita la Tokyo liligawanyika watatu kwa watatu, ikabidi mfalme aamue. Ukweli una pande nyingi. Lakini hakuna upande wake unaosema watawala wale walifungwa mikono. Walikuwa na njia kadhaa mbele yao, wakachagua, na mtu anayechagua hubeba alichokichagua. Wanasayansi 70 wa mradi wenyewe walisaini ombi la Leo Szilard mwezi Julai 1945, wakitaka Japani kwanza itangaziwe masharti na ipewe nafasi ya kusalimu amri. Hata ndani ya mradi kulikuwa na watu walioona njia nyingine.

Tufanye nini? Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili. Liwape wanafunzi wa Ikinga, Itumba na Tunduma hoja za Frank na za Hasegawa, kisha wabishane. Liwataje askari wa Burma, na liwataje wachimbaji wa Shinkolobwe katika ukurasa huohuo. Hili si la wanafunzi pekee. Tunayo urani yetu kule Namtumbo, na taifa linalojiandaa kuiuza lazima liwe na msimamo kuhusu yaliyowahi kutendwa kwa madini hayo. Afrika ilishachukua msimamo wake katika Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo mwaka 1996, unaolikataza bara hili silaha za nyuklia. Hatuwezi kuukubali mkataba huo kwa kalamu, halafu darasani tukawafundisha watoto kwamba kuna siku kuteketeza mji mzima pamoja na watu wake lilikuwa jambo la lazima. Halikuwa la lazima mwaka 1945. Tukikubali kwamba lilikuwa, atakayetaka kulirudia kesho atatukuta tumekwisha kumwandalia utetezi.