Wiki Moja Ziwani kwa Miaka 30

Wengi wenu mmeshayasikia maneno haya. Waliokuwa Ujiji sikukuu ya Idd el-Fitri mwaka 2025 waliyasikia chini ya turubai jeupe kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya kulishwa pilau na mgebuka wa kukaanga. Waliobaki wametumiwa na ndugu zao kwa WhatsApp. Kampuni inauza wiki: wiki moja ya kila mwaka, katika nyumba ya vyumba viwili itakayojengwa ufukweni na kufunguliwa 2027, kwa miaka 30, kwa shilingi milioni 12. Kwingineko duniani biashara hii huitwa taimusheya, yaani umiliki wa zamu. Muuzaji wetu ameiita wiki ya kudumu.

Nilikaa chini ya turubai lile saa mbili na nusu, mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Muscat. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikausoma mkataba, kurasa 19, kijana wa mauzo akiwa amenisimamia. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Pimeni kila dai kwa lilivyosemwa na kwa lilivyoandikwa.

Walianza na umiliki. Walisema mpangaji hutupa fedha, ila anayenunua wiki anamiliki mali atakayowaachia watoto na wajukuu. Dai hili lina uzito kwangu. Nyumba ya marehemu baba pale Kasingirima haitutoshi tena sote, na kila tukija tunapanga vyumba viwili vya gesti katika mji tuliozaliwa. Inauma. Lakini ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na haki ya kuikalia anayo yule aliyeandikwa kwenye hati. Ndivyo ilivyo kwa Sheria ya Ardhi ya 1999. Katika kurasa zote 19 mnunuzi hakuitwa mmiliki hata mara moja. Kifungu cha 3 kinampa haki ya matumizi tu. Kifungu cha 11 kinairuhusu kampuni kuliuza jengo au kuliweka rehani bila kuwauliza wenye wiki. Benki ikija kukamata jengo hilo, mwenye wiki ya kudumu atakwenda kusimama mbele yake na karatasi gani?

Shangazi yangu ana uraia wa Oman. Kijana alimwambia, mbele yangu, kwamba sasa naye atakuwa na ardhi Kigoma alikozaliwa mama yake. Shangazi alitokwa na machozi. Sasa sheria hiyo hiyo ya 1999, kifungu cha 20, inasema kwa kanuni ya jumla asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa utaratibu maalumu uliowekwa na sheria. Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Kama kinachouzwa ni ardhi, shangazi hawezi kuuziwa kwa njia hii. Kama anaweza kuuziwa kwa njia hii, basi si ardhi, na ahadi iliyomliza haikuwa ya kweli. Hakuna njia ya tatu.

Na wajukuu? Mdomoni ni vizazi na vizazi, karatasini ni miaka 30. Katika miaka hiyo, mnunuzi akifariki, warithi wanachukua wiki pamoja na wajibu wa kulipa ada yake. Afrika Kusini, ambako umiliki wa zamu una sheria yake tangu 1983, malalamiko ya watu walioshindwa kujitoa kwenye mikataba ya namna hii yalifika mpaka kwenye Tume ya Taifa ya Walaji, ikaanzisha uchunguzi mwaka 2017. Uhispania, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Januari 2015 ikibatilisha mkataba usio na ukomo, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ya 1998 ilikuwa imeweka kikomo cha miaka 50. Neno hilo hilo la kudumu, wanalouza kwetu kama sifa, kule ndilo lililoangusha mikataba mahakamani.

Wakaja kwenye hesabu. Walidai kwamba bei za gesti zinapanda kila mwaka, na anayelipa leo ameifunga bei yake kwa miaka 30. Kwamba bei zinapanda, ni kweli, na mimi ni shahidi. Tatizo ni kifungu cha 7, ambacho hakikusomwa kwa sauti: kila mwenye wiki atalipa ada ya matunzo ya shilingi 450,000 kwa mwaka, na kampuni inaweza kuipandisha kulingana na gharama. Kikomo hakikutajwa.

Wekeni namba hizi kando kwa kando. Vyumba vyetu viwili vya gesti vilitugharimu shilingi 35,000 kila kimoja kwa usiku. Siku saba ni 490,000. Ada peke yake ni 450,000. Yaani nikishatoa milioni 12 nitakuwa nimeokoa shilingi 40,000 kwa mwaka, na fedha yangu itarudi baada ya miaka 300. Mtetezi wao atasema nyumba ile ina jiko na baraza, gesti haina. Haya, tuipe thamani mara mbili ya gesti yangu, 980,000 kwa wiki. Hapo naokoa 530,000 kwa mwaka, na milioni 12 zinarudi baada ya miaka 22 na miezi kadhaa, kwa sharti kwamba ada isipande hata senti muda wote huo. Lakini umeme, maji, mabati na mishahara inayopandisha bei ya gesti ndiyo hiyo hiyo itakayopandisha ada ya matunzo. Hawawezi kututisha kwa kupanda kwa gharama dakika ya kumi, kisha dakika ya ishirini wakatupigia hesabu kana kwamba gharama hizo zimelala.

Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi milioni 1. Kwa riba ya asilimia 10, milioni 12 huzaa milioni 1.2 kwa mwaka, ambazo zinalipia wiki mbili za gesti na chenji ya 220,000, na mtaji unabaki wako. Asiyekula riba, na Ujiji ni wengi, apige hesabu hiyo kwa vyumba vya kupangisha Mwanga.

Dai la Idd sikulitegemea, na ndilo lililomteka mume wangu. Tuliahidiwa kwamba kila Idd el-Fitri ukoo wetu utakuwa ziwani. Mkataba unatupa wiki ya 14 ya kila mwaka. Mwaka 2025 wiki ya 14 ilianza Jumatatu tarehe 31 Machi, siku ile ile ya Idd, tukiwa wote pale tumevaa nguo mpya, kwa hiyo ahadi ilionekana kama imekwisha timia. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Mwaka 2024 Idd ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwaka 2026 inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, wakati wiki ya 14 inaanza tarehe 30. Kila mwaka itarudi nyuma, ipite Februari, Januari, Desemba, izunguke mwaka mzima, na kuifikia tena wiki yetu karibu na 2057. Mkataba wa miaka 30 ukianza 2027 unaisha 2056. Hakuna Idd el-Fitri hata moja itakayoangukia humo. Idd kubwa itapita hapo karibu na 2031, kisha itaondoka. Kitakachotubakia kila mwaka ni mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, mvua za Kigoma zikiwa bado zinanyesha, na likizo ndefu za shule ziko Juni na Desemba.

Sasa ziwa lenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa fedha inaweza kupotea yote. Niliuliza nyumba zitakuwa mbali gani na maji. Jibu lilikuwa: hatua chache tu, na msiwe na wasiwasi, bahari hupwa na kujaa lakini ziwa halisogei. Ni kweli Tanganyika haina maji kupwa na maji kujaa kama Bagamoyo. Hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, na kwa mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Mtu aliyekuja mjini mwaka juzi anaweza kuamini kwamba halisogei.

Ujiji haiwezi kuamini hivyo. Livingstone na Stanley walipokutana pale mwaka 1871, ziwa lilikuwa juu kuliko leo, na leo anayetoka penye mnara wa kumbukumbu yao anatembea dakika kadhaa kabla ya kukanyaga maji. Ziwa liliendelea kupanda mpaka karibu na 1878, ndipo likavunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, mlango wake pekee wa kutokea, na katika miaka iliyofuata likashuka takriban mita 10. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 likapanda tena, likafika kilele mwaka 1964. Kati ya 2020 na 2024 limepanda mara nyingine. Kule Gatumba na Bujumbura nchini Burundi, na Uvira na Kalemie nchini Kongo, watu walihama nyumba zao.

Nilitoka chini ya turubai nikaenda kuona kwa macho. Vigingi vya kiwanja ni vya saruji, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kutoka kigingi cha mbele mpaka ukingo wa maji nilihesabu hatua 31. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Nilimwamkia, nikamuuliza kama maji yalikuwa hapa siku zote. Hakujibu mara moja. Alinyoosha sindano yake ya nyavu kuelekea ziwani, kwenye kisiki cha mti kilichochomoza majini kama kiwiko, mbali kuliko mwanangu anavyoweza kurusha jiwe. “Pale, mwanangu, nilikuwa naanika dagaa,” alisema.

Rudini sasa kwenye mkataba, kifungu cha 14. Kinasema kampuni haitawajibika kwa hasara itakayotokana na kupanda kwa maji ya ziwa, na ada ya matunzo itaendelea kulipwa hata kama nyumba haikaliki. Anayeamini kwamba ziwa halisogei haandiki kifungu hicho. Mwanasheria wao analijua ziwa, ila kijana wao wa mauzo ametumwa kutuambia vingine.

Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua zangu 31 hazifiki mita 25. Niliomba kuona hati ya kiwanja na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Niliambiwa vipo ofisini. Nyumba zikisogezwa nyuma ya mita 60, picha waliyotuonyesha, ya baraza iliyo hatua chache kutoka majini, si ya nyumba hizo. Zikibaki zilipo kwenye picha, zitasimama ndani ya eneo linalolindwa na sheria. Muuzaji achague anauza nyumba ipi kati ya hizo mbili.

Kuhusu dai lao kwamba tutaweza kubadilishana wiki na Zanzibar, Mombasa au Dubai, nitasema kwa ufupi. Utaratibu huo upo duniani, na kampuni kubwa ya Marekani ya kubadilishana wiki, RCI, ilianzishwa mwaka 1974. Lakini kubadilishana kunahitaji mtu wa upande wa pili anayeitaka wiki yako, na mkataba wenyewe unasema ni kwa kadiri ya nafasi na kwa malipo ya ziada. Hali ni hiyo hiyo kwa dai kwamba wiki itauzika kwa faida. Nyumba zao ni 24; wiki 50 kila moja, ni wiki 1,200. Kama zinagombaniwa kiasi hicho, sioni sababu ya kutulisha pilau ili tununue. Na kama bado ziko mamia mikononi mwao, mtu wa kuninunulia yangu kwa bei ya juu atanifuata kwa sababu gani?

La mwisho ni kwamba bei ile ilikuwa ya siku ile tu. Umoja wa Ulaya, uliokwishaona wananchi wake wakiumia, uliagiza mwaka 2009 kwamba mnunuzi wa wiki kama hizi apewe siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na kwamba katika siku hizo muuzaji asipokee hata malipo ya awali. Sisi tuliomba siku tatu na nakala ya mkataba tumpelekee wakili Mwanga. Tulijibiwa kwamba mkataba hautoki mezani kabla ya kusainiwa. Mume wangu akaweka kalamu chini.

Shangazi alikuwa amekwisha kutoa kishika uchumba, shilingi 500,000, wakati mimi niko ufukweni nahesabu hatua. Risiti yake inasema hakirudishwi. Tumeandika barua ya kurasa mbili kudai fedha hiyo, tukitaja Sheria ya Mikataba na yale aliyoambiwa kuhusu ardhi, na amerudi Muscat na nakala yake mkobani. Leo ni siku ya 23. Jana alinipigia kuuliza kama wamejibu, kisha akaniuliza kama kile kisiki bado kinaonekana.