Miaka mitano si umri wa injini

Mimi ni fundi mitambo. Siwalaumu Waingereza kwa kuachana na treni za mvuke: zilikula makaa mengi, na moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari ili boila ipate nguvu. Kinachoniuma ni ufujaji.

Mwaka 1960 karakana ya Swindon ilikamilisha Evening Star, injini ya mwisho ya mvuke kujengwa na British Railways, shirika la reli la taifa: rangi ya kijani, magurudumu 10 yanayozungushwa na mvuke, ukingo wa shaba kwenye bomba la moshi. Septemba 8, 1962 ilivuta treni ya abiria ya Pines Express kutoka Bournemouth hadi stesheni ya Bath Green Park, siku ya mwisho treni hiyo kupita njia hiyo. Mwaka 1965 ikaondolewa kazini. Yenyewe ilihifadhiwa, lakini kati ya injini 251 za aina yake zimesalia 9 tu. Nyingine zilikatwakatwa zikauzwa kama chuma chakavu.

Injini iliyotunzwa vizuri hufanya kazi miongo kadhaa. Wakubwa wa British Railways walijua dizeli inakuja, bado wakaendelea kuunda za mvuke. Kiongozi anayeagiza mitambo kwa fedha za umma aulizwe kwanza itatumika miaka mingapi, na jibu liandikwe.