Barua ya Wazi kwa Inteko y'Umuco: Walimu wa Sanaa wa Nyundo Waandikwe

Gisenyi, Wilaya ya Rubavu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Inteko y'Umuco,
Jamhuri ya Rwanda.

YAH: DAFTARI LA WALIMU WA SHULE YA SANAA YA NYUNDO

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, na lugha ya biashara yetu huku mpakani na Goma tangu enzi za wazee wetu. Naiandika hadharani kwa sababu ninaowasemea ni wengi, na wengi wao hawawezi tena kujisemea.

Ombi langu ni moja. Inteko y'Umuco, taasisi inayotunza utamaduni wa taifa letu, iandae daftari la walimu wote waliofundisha katika Shule ya Sanaa ya Nyundo tangu ilipoanza katika miaka ya 1950: jina la kila mmoja, miaka aliyofundisha, somo lake, kazi zake ziko wapi, na nani walipitia mikononi mwake. Kama daftari hilo limo kabatini mahali fulani, litolewe lichapishwe. Wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Naanza na sababu. Mchoraji akifariki huacha picha zenye sahihi yake pembeni. Mwalimu wa kuchora huacha picha zenye sahihi za watu wengine. Fikiria somo la kawaida kabisa. Mwalimu anaweka kibuyu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, juu ya meza, anakisogeza kidogo kuelekea dirishani, anawaambia wanafunzi wachore. Kijana anauchora mdomo wa kibuyu duara kamili, kwa sababu anajua kwamba mdomo wa kibuyu ni duara. Mwalimu anasimama nyuma yake. Hamnyang'anyi penseli. Anamuuliza tu: kutoka hapo ulipokaa, unaliona duara lote? Kijana anainama, anaangalia, anafuta. Kisha anaulizwa swali la pili: mwanga unatoka wapi? Baada ya miaka 20 kijana huyo ana karakana yake Kigali, wageni wananunua picha zake, na kila kivuli anachokiweka mahali pake kilianzia kwenye yale maswali mawili. Kwenye picha hakuna pahali pa kuandika jina la aliyeuliza.

Niruhusu nimtaje mtu ambaye si wa Nyundo, maana maisha yake yanaonyesha wazi kinachopotea. Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisoma sanaa chuoni Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo hayo pale mwaka 1937. Trowell alikuwa na njia yake. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za kunakili, alikuwa akisimulia tukio, labda la mavuno, labda la soko, wanafunzi wakalisikiliza, wakalitazama kwanza kichwani, ndipo wakashika brashi. Kwa watoto waliolelewa na hadithi za jioni, hiyo haikuwa njia ya kigeni hata kidogo.

Ntiro aliipokea akaifanya yake. Akawa mwalimu palepale Makerere. Kuanzia 1952 hadi 1955 alisoma London, katika shule ya sanaa ya Slade, na ungedhani angerudi akichora kama wenyeji wake. Alirudi akichora Uchagga wake vilevile: migomba iliyosongamana, mlima, ng'ombe, watu wadogo wadogo waliopangana safu kwa safu wakifanya kazi ya pamoja, bila kuhangaika na kanuni za Kizungu za kuonyesha umbali. Kabla ya kurudi, mwaka 1953, kilikuwa kimetoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kwa hiyo aliyoyachora kwa rangi aliyaandika pia kwa wino. Baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London katika miaka ya mwanzo ya uhuru, akarudi kusimamia utamaduni serikalini, kisha akarudi tena darasani, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York. Mtu wa Rubavu akisimuliwa picha hiyo hahitaji maelezo. Pombe inakwenda ukweni, wabebaji ni wanaume, pande zote ni migomba. Huku kwetu tungeweka urwagwa mahali pa mbege ya Wachagga, na harusi ingeendelea.

Sasa tazama, Mheshimiwa. Ntiro mchoraji anapatikana. Ntiro balozi ana majalada yake. Ntiro mwalimu, aliyekuwa akiingia darasani asubuhi na mikono yenye rangi, yuko wapi? Yuko vichwani mwa waliofundishwa naye, na vichwa hivyo vinazeeka. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mchoraji tumemtunza kidogo, tena kwa msaada wa makumbusho ya ng'ambo. Mwalimu hatujamtunza.

Si yeye peke yake. Elimo Njau, Mchagga mwenzake aliyepitia Makerere, alichora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka 1959. Mwaka 1965 akashiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, kituo kilichowalea wasanii wa kila rika. Mwaka 1997 moto ukaunguza kituo hicho pamoja na kazi na kumbukumbu nyingi. Miaka zaidi ya 30 ya kufundisha na kukusanya, halafu moto mmoja.

Huku kwetu tishio ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Mvua ya usiku ule iliua zaidi ya watu 120 Magharibi na Kaskazini mwa nchi, na Nyundo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Serikali imejenga kingo na bwawa la kupunguza kasi ya maji ya mto huo, na tunashukuru. Lakini karatasi haihitaji mafuriko makubwa ili ife. Inatosha bati livuje msimu mmoja.

Kabla ya maji tulipoteza watu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Nyundo iliona watu wake wakiuawa hata mahali walipokimbilia hifadhi, seminarini na kanisani. Ninyi wenye dhamana ya kumbukumbu za taifa mnajua kuliko mimi maana yake kwa historia ya mahali: pamoja na kila aliyeuawa yalikwenda majina aliyoyajua yeye tu, ya nani alimfundisha nani, na sanamu ile ilichongwa na mkono gani.

Inaniuma zaidi kwamba upotevu huu unahusu Nyundo, maana Nyundo ndipo hasa tulipofundishwa kuandika. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyepewa uaskofu mwaka 1952 na kuiongoza Nyundo kwa miaka zaidi ya 20, alitumia muda wake mwingi kukusanya methali, hadithi, mila na miiko ya Wanyarwanda, akayaweka yote vitabuni. Hakungoja wazee waishe. Aliwafuata, akawasikiliza, akaandika. Leo mtafiti anayetaka kujua bibi zetu walikatazwa nini shambani anafungua kitabu. Akitaka kujua ni nani aliyewafundisha vijana wa Nyundo kukanda udongo wa mfinyanzi, kushika patasi au kuchanganya rangi, afungue kitabu gani? Kwenye kilima kilekile, katika miaka ileile, kazi moja iliandikwa kikamilifu, na nyingine iliachiwa kumbukumbu za midomo.

Na shule hii si ya kupuuzwa. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa shule ya sekondari ya sanaa iliyojulikana Rwanda nzima, na mzazi aliyeona mtoto wake anachora ukutani kwa mkaa aliambiwa ampeleke Nyundo. Kizazi cha sasa kinalijua jina hilo zaidi kwa muziki, kwa sababu ya shule ya muziki iliyofunguliwa hapa mwaka 2014 na baadaye ikahamia Muhanga. Tunajivunia wanamuziki wale. Lakini wanamuziki wana rekodi, sauti zao zinapigwa redioni kila siku pamoja na majina yao. Mwalimu wa uchongaji hapigwi redioni.

Najua utakachoambiwa ofisini. Utaambiwa bajeti ni ndogo, na kwamba mto, barabara na madarasa vinatangulia. Ni kweli vinatangulia. Ila ninachoomba hakihitaji tingatinga. Kinahitaji watu wawili wenye subira, kinasa sauti, kamera, na barua yenye muhuri wako itakayofungua milango ya shule na parokia. Utaambiwa pia kwamba msanii mwenyewe ndiye anayepaswa kutunza kazi zake. Msanii anayeuza picha, sawa. Mwalimu aliyetumia mchana wake kusahihisha picha za watoto wa wenzake na jioni yake kuandaa somo la kesho, alibakiwa na saa ngapi za kujitangaza?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, anzeni na wazee. Waliokuwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wana umri wa miaka 80 na zaidi. Waulizwe sasa, kila mmoja kwake, kwa lugha anayoipenda. Waulizwe majina ya walimu wao, lakini maswali yasiishie kwenye majina. Mwalimu alianza somo vipi? Aliwapa vifaa gani, na vilipokosekana walitumia nini? Alikataza nini? Picha mbovu aliikosoa kwa maneno gani? Hayo ndiyo maisha ya mwalimu. Tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki zitajaza mstari mmoja tu.

Pili, zipigwe picha kazi zilizo kwenye kuta na ndani ya majengo: makanisani, shuleni, kwenye ofisi za zamani. Sanamu au mchoro wa ukutani hauhitaji adui ili upotee. Huja kamati yenye nia njema, ikaamua jengo lipakwe rangi upya kwa ajili ya sikukuu, na fundi asiyeambiwa chochote akamaliza kazi kwa brashi pana katika alasiri moja. Kazi ikishapigwa picha na kuandikwa jina la aliyeifanya, hata fundi ataulizwa kabla ya kuchovya brashi.

Tatu, Makumbusho ya Sanaa ya Kanombe yatenge ukuta mmoja kwa ajili ya walimu. Nyumba ile ilikuwa ikulu, na tangu 2018 ni nyumba ya sanaa ya wananchi. Kwenye ukuta huo kazi ya mwalimu iwekwe karibu na kazi za wanafunzi wake, na kibandiko kiseme waziwazi: huyu alimfundisha huyu. Mtoto wa shule atakayepita hapo ataona kwamba kipaji hakidondoki kutoka mbinguni kikiwa kimeiva, na mwalimu wake wa sasa, anayelalamikia uhaba wa karatasi, ataona kwamba yumo katika safu ndefu ya watu wanaoheshimiwa.

Inteko yako ilipoundwa mwaka 2020 iliunganisha chini ya paa moja makumbusho, lugha, nyaraka na maktaba. Zamani aliyetaka kazi ya aina hii angezungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Leo anayekusanya masimulizi, anayetunza karatasi na anayetundika picha ukutani wote wanaripoti kwako. Ndiyo sababu sijaipeleka barua hii kwa mwingine.

Naomba jibu, na jibu nalo liwe la wazi kama barua hii, likitaja mwezi ambao mzee wa kwanza atatembelewa. Sisi wa Gisenyi tutasaidia kuonyesha njia za kufika kwao.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mwandishi, mkazi wa Gisenyi