Mnara Upi Tuupande?



Dada mmoja, msomaji wetu wa Mombasa, anatarajia kwenda Dubai kumzuru mumewe afanyaye kazi huko. Atafuatana na watoto wawili na mavyaa wake, ambaye magoti yake si mazima. Mume ametenga fedha za kupanda mnara mmoja tu, wautazame mji kutoka juu. Watoto wautaka Burj Khalifa. Bibi yao asema fedha hizo heri zinunuliwe zawadi za jamaa. Dada auliza amfuate nani.

Dada yangu, mimi niliwahi kusimama huko juu pamoja na mwanangu. Burj Khalifa una urefu wa mita 828, na roshani ya ghorofa ya 124 ipo mita 452 kutoka ardhini. Tulipofika nilizunguka kioo baada ya kioo nikiutafuta mnara wenyewe tupige nao picha, hata mwanangu akanishika mkono: "Baba, si tumo ndani yake?" Ndipo nilipotanabahi. Aliye juu ya mnara ule huona kila kitu ila mnara wenyewe, na majengo mengine huwa kama viberiti vilivyopangwa juu ya mkeka.

Ikiwa haja yenu ni kuiona sura ya mji, nawachagulia Dubai Frame, katika bustani ya Zabeel. Ni minara miwili yenye kimo cha mita 150, iliyounganishwa juu kwa daraja, mfano wa fremu ya picha. Ilifunguliwa mwaka 2018. Kiingilio chake ni kidogo mno kuliko cha Burj Khalifa, na lifti itampandisha bibi bila taabu. Sehemu ya sakafu ya daraja ni kioo. Asiyestahimili kutazama chini apite pembeni.

Upande mmoja mtauona Burj Khalifa umesimama juu ya minara mingine. Upande wa pili ni Deira na Bur Dubai, mji wa kale, na hapo ndipo nipendapo mavyaa wako akae zaidi. Majahazi yaliyotoka Lamu kwa pepo za kusi yalipeleka boriti za mikoko pande zile, nazo zikaezekea nyumba za kale za Ghuba. Wenyewe waziita chandal. Huenda bibi ana habari za jamaa waliosafiri na majahazi hayo, na watoto hawajapata kumwuliza.

Watoto wakishikilia Burj Khalifa, jueni kwamba jioni ndipo tiketi huwa ghali, na miezi ya joto vumbi na unyevu huuficha mji. Salini Alasiri kabla ya kupanda. Tena jihadharini na Magharibi: Ramadhani ya mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa fatwa kwamba wakaao juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya 150 dakika tatu, kwani jua huonekana kwao lingali halijatua.

Lakini mimi ningewapeleka watoto chini ya mnara huo wautazame kwa kuinua shingo, hapana kiingilio. Kitakachosalia mpe mavyaa wako mkononi, mvuke hori kwa mashua mwende soko la Deira, azichague zawadi zake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.