"Mpole" si jibu

Kunradhi kwa kimya cha miezi minne. Niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na ipo kwenye kompyuta, nusu, pamoja na rasimu nyingine 11 ambazo zote ni nusu. Leo nitawaeleza kwa nini. Mada si programu, ingawa programu zitajipenyeza tu, mnanijua.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 27, nilipimwa nikaambiwa nina usonji na ADHD, vyote viwili. Watu watatu wameshaniuliza kama nilitolewa damu. Hapana, hakuna kipimo cha damu. Ni mahojiano, hojaji na historia ya utotoni. Na hapo ndipo kisa changu kilipo, kwa sababu historia ya utotoni huulizwa mzazi, na mamangu, mzaliwa wa Kibokoni, alikuwa na jibu moja kwa kila swali.

Mtaalamu alikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa sebuleni hapa Mji wa Kale, simu tumeiegemeza kwenye dele la kahawa. Akauliza: alipokuwa mdogo alicheza vipi na wenzake? "Alikuwa mpole." Alikuwa akiwatazama watu machoni? "Ana haya. Mpole." Alikuwa na hasira za ghafla? "Huyu? Majirani walikuwa wakiniambia, wallahi una bahati." Nami nimekaa pembeni nahesabu pesa zangu zinavyokwenda.

Kisha yule mama akabadilisha maswali. Akaacha kuuliza tabia, akauliza matukio. Kukiwa na harusi alikuwa akikaa wapi? "Jikoni, akiosha vyombo." Kila harusi? "Kila harusi." Akiwa na miaka mingapi? "Sita, saba." Chakula je? "Wali mtupu. Mchuzi ukigusa wali, hali." Nguo? Hapo mamangu akacheka, akaeleza nilivyokata lebo za nguo zote za Idi kwa wembe na gauni moja nikalitoboa. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba nilikuwa nikikaa dirishani kila alasiri na daftari, naandika msikiti upi umeanza kuadhini na wa pili umefuata baada ya sekunde ngapi, na niliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Akanyamaza kidogo. "Kwani hayo ni maradhi?"

Si maradhi. Lakini tazama lililotokea pale. Mamangu hakuficha chochote, alikuwa na data yote miaka yote. Tatizo ni kwamba yote ilikuwa imehifadhiwa chini ya neno moja, na neno lenyewe ni sifa.

Jikoni hakukuwa na spika, wala udi, wala wamama arubaini wa kubusiwa mkono. Sikuwa mtoto wa kazi, nilikuwa nimekimbia. Wakisema mashaallah, mtoto gani huyu anayependa kusaidia, nami nikajifunza kwamba ukitaka kukimbia, kimbilia penye sinki. Madrasa yetu ilikuwa na mvulana ambaye kelele zikimzidi alikuwa akipiga mayowe na kuangusha meza. Babake aliitwa mara tatu muhula mmoja, na mwisho mtoto akapelekwa kwa daktari. Mimi na yeye, naamini leo, tulikuwa na shida moja. Yeye alisumbua watu, mimi nikaosha vyombo.

Daktari wa kwanza niliyemwendea, jina naliacha, alinitazama dakika tano. Una digrii ya kompyuta, una kazi, umenisalimia vizuri. Kapumzike, upunguze simu.

Umenisalimia vizuri! Bwana daktari, salamu za Mji wa Kale ni itifaki. Hujambo, mamako hajambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, alhamdulillahi. Wageni huziona ndefu, mimi nilizipenda, kwa sababu ni kama kompyuta mbili zinavyosalimiana kabla ya kutumiana data: hatua zinajulikana, jibu la kila hatua linajulikana, na mtoto wa miaka minne anaweza kuzihifadhi. Shida yangu huanza salamu zikiisha, mtu anapotia mzaha au kusema kwa mafumbo. Na mji huu kwa mafumbo! Jirani mmoja aliwahi kunivalia leso ya fumbo wiki mbili nzima, mimi nikamsifia rangi. (Na kwa kuwa nimefika kwenye mavazi: wako wanaohurumia wanawake tuvaao ninja. Msinihurumie. Siku nikiivaa ni siku ambayo sihitaji kukumbuka kuupanga uso wangu.)

Sasa turudi kwenye mambo yetu. Ukiijaribu programu kwa data ya upande mmoja, majaribio yote yatapita na programu itabaki mbovu. Leo Kanner wa Baltimore alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Hans Asperger wa Vienna, mwaka 1944, alieleza kwa kina wavulana wanne, msichana hata mmoja. Kabla yao wote kulikuwa na daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliyechapisha mwaka 1925 habari za wavulana sita, na mwaka 1927 akatoa makala ya pili, ya wasichana. Makala ya wavulana ilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka 1996. Ya wasichana ilingoja hadi mwaka 2020. Miaka 93, jamani. Hata ile orodha yangu ya kazi zilizosubiri haijafika huko.

Vitabu vilikuwa vikisema wenye usonji ni wavulana wanne kwa msichana mmoja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliona uwiano ni karibu na watatu kwa mmoja, na kwamba wako wasichana wanaotimiza vigezo ila hawapimwi. Hao ndio walioko jikoni.

Kuna hitilafu nyingine ambayo naipenda, kwa jinsi mtu anavyoweza kuipenda hitilafu. DSM, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, haukuruhusu mtu mmoja apewe usonji na ADHD pamoja hadi toleo la mwaka 2013. Ama hiki ama kile. Mimi mwaka huo nilikuwa msichana wa sekondari, na kwa mujibu wa kitabu mtu wa aina yangu hakuweza kuwepo. Si kwamba walimtafuta wakamkosa. Jedwali lenyewe halikuwa na safu yake.

Neno usonji limeshazoeleka, ingawa wengi wetu tukilisikia tunamfikiria mtoto wa kiume asiyesema. ADHD bado haina jina la Kiswahili lililokaa. Naona watu wakiandika upungufu wa umakini, nami nalikataa. Umakini ninao tele. Nimewahi kusaka kosa moja kwenye msimbo kutoka Isha hadi Alfajiri, sikunywa hata maji. Ila hauji ukiitwa. Tokeni za stima zimenimalizikia gizani mara nyingi na pesa zimo kwenye M-Pesa. Miaka miwili mfululizo nimelipa faini ya shilingi 2,000 kwa kuchelewesha ritani ya kodi, na pesa yenyewe ya kodi nilikuwa nimeshakatwa kwenye mshahara, ni fomu tu. Mbaazi nimeunguza hadi sufuria ikatupwa. Na ukivichanganya viwili hivi ndani ya kichwa kimoja, usonji unataka kila kitu kiwe mahali pake, ADHD imepasahau mahali penyewe. Kwa miaka 20 nililiita jambo hilo uvivu. Mvivu mwenye digrii, nikijitukana kila usiku.

Hojaji nazo zina vituko vyake. Ile ya usonji inayotumika sana ina maswali 50, ilitoka Cambridge mwaka 2001, na huko inakuuliza kama wapenda maktaba kuliko sherehe, au tamthilia kuliko makumbusho. Sasa mimi, makumbusho yangu ni Fort Jesus, ambako shule hutupeleka kwa nguvu, na sherehe ni harusi ya jamaa, ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza kama naipenda. Huendi, umemvunjia mtu heshima, basi. Nilijibu swali lile mara tatu na kila mara nikapata jibu tofauti. Swali la kusoma nambari za magari, hilo sikulihitaji mara ya pili.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi kila mmoja wenu ajaze hojaji leo usiku ajipe jina kesho. Hojaji si mtaalamu. Nasema tu kwamba msichana akiitwa mpole, hilo si jibu la swali lolote, na mpimaji asiyejua maisha ya huku asiridhike nalo. Yule mama wa Nairobi hakuwa na chombo kipya. Aliuliza "alikuwa wapi" badala ya "alikuwaje".

Mtaniuliza imenisaidia nini. Imenigharimu karibu mshahara wa mwezi mzima, kutoka mfukoni, hilo nalisema kwanza kwa sababu wengi hawana. Dawa natumia kwa maandishi ya daktari, na sitaandika jina lake hapa kwa sababu nawajua, mtakwenda kuulizia dukani. Kazini niliomba kazi niletewe kwa maandishi badala ya kupigiwa simu, wakakubali bila hata mjadala, na nikakaa nikijiuliza kwa nini sikuomba miaka mitano iliyopita. Sikuomba kwa sababu mvivu haombi kitu, mvivu anajificha.

Na sasa jambo lililonifanya niandike leo, badala ya kuimalizia ile hifadhidata.

Dada yangu ana binti wa miaka minane. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi huko Makadara, na nilipoingia jikoni nikatafute pumzi nilimkuta amesimama kwenye sinki, mikono imejaa povu, masikio ameyaziba kwa leso ya mamake. Shangazi mmoja akapita akasema, mashaallah, kamrithi mama mdogo, mpole vile vile. Nilimtazama yule mtoto, naye akaitazama sahani.

Usiku ule nilimwambia dada. Tukagombana, na sisi hatugombani. "Usimwandikie mwanangu jina," akasema. "Wewe umeshakua, una kazi yako. Huyu kesho ataposwa, na watu wataulizia." Si maneno ya ujinga hayo. Mji huu watu huulizia kweli, mlango hadi mlango, na habari iliyotoka haifutiki. Mimi mwenyewe, nikibonyeza kitufe cha kuchapisha makala hii, najua posa mbili tatu zinaondoka nayo.

Lakini dada, jina ameshapewa. Anaitwa mpole leo. Akifika miaka 12, masomo yakawa mengi na wasichana wenzake wakaanza kusema kwa mafumbo, ataitwa mvivu, halafu jeuri, halafu mwenye kiburi, na atayaamini yote kwa sababu hatakuwa na jingine. Nayajua kwa mpangilio wake. Na kwa mtoto kuna milango ambayo mimi sikuwa nayo: vituo vya serikali vya EARC, vilivyoanza mwaka 1984, kazi yake ndiyo kupima watoto wa shule, na wazazi wana chama chao, Autism Society of Kenya, tangu mwaka 2003. Asipokuwa nao, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Nilimwandikia haya yote kwa ujumbe, mrefu kama makala hii. Alama mbili za bluu, kimya.

Juzi jioni alipita nyumbani kuleta viazi karai. Akaongea na mamangu habari za mvua, na bei ya nazi, na mfereji uliopasuka Ndia Kuu. Mimi sikusema kitu. Alipokuwa mlangoni, ameinama anatafuta kiatu cha pili, akauliza bila kugeuka: "Yule mama wa Nairobi, huongea na watoto ama ni wakubwa tu?"

Nikampa nambari.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja. Sisemi lini.