Ramani Nzuri, Maji Machafu

Leo sina programu mpya ya kusifia. Nimekuja kulalamika, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mradi mmoja nitengeneze ramani ya maji ya visima katika mtaa mmoja wa Kisauni, Mombasa. Nikapewa faili ya Excel yenye visima 9, kila kimoja kimepimwa mara moja tu, tena wakati wa kiangazi. Nikaingiza nambari kwenye QGIS, nikabofya hapa na pale, ramani ikatoka: samawati penye maji safi, nyekundu penye nitrati nyingi. Mkutanoni nikapigiwa makofi.

Kisha mama mmoja akauliza: "Mwanangu, kisima changu kiko kwenye samawati. Basi nimpe mjukuu wangu maji yake?"

Kisima chake hakikuwamo katika vile 9. Samawati ile ilitokana na kompyuta kukadiria kutoka visima vya jirani. Nikamwambia apime kwanza. Wenye mradi walininunia, lakini yule mjukuu ndiye angelipa gharama ya uongo wangu. Nitrati nyingi ni hatari kwa watoto wachanga, na kuchemsha maji huua vijidudu tu, hakuondoi nitrati.

Tuelewane hapa. Kutandaza rangi kati ya vipimo si kuiga mwendo wa maji. Modeli ya kweli huanza na kanuni aliyoitoa Henry Darcy kule Ufaransa mwaka 1856: mwendo wa maji ardhini hutegemea mteremko wa maji yenyewe na jinsi udongo unavyoyapitisha. MODFLOW, programu ya Idara ya Jiolojia ya Marekani iliyotoka mwaka 1984, hukatakata ardhi kuwa vijisanduku na kuhesabu maji yanayoingia na kutoka katika kila kimoja. MT3D ya mwaka 1990 huongeza uchafu juu yake: unavyobebwa, unavyotawanyika, unavyonata kwenye udongo na unavyooza.

MODFLOW ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Ukijua Python, kuna FloPy. Kwa hiyo anayekuambia tumekwama kwa sababu hatuna pesa za leseni, mwulize amejaribu nini.

Tulichokosa ni vipimo. Modeli hukuuliza: udongo huu unapitisha maji kwa kasi gani? Kati ya mfinyanzi na kokoto tofauti ni zaidi ya mara milioni moja. Ukibahatisha, uchafu wa choo utafika kisimani kwa siku kumi au kwa miaka kumi, na kwenye skrini majibu yote mawili yatapendeza. Isitoshe, sehemu kubwa ya pwani ya Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na matundu, ambamo maji hukimbia kama kwenye bomba. Modeli ya kawaida hudhani yanachujika polepole kama kwenye mchanga. Mvua za masika zikija, maji hupanda na kuyakaribia mashimo ya vyoo. Kipimo kimoja cha kiangazi kitakuonyesha nini?

Tumeshaumwa na nyoka huyu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba picha za setilaiti na rada zimegundua bahari ya maji chini ya Turkana, mita za ujazo bilioni 250. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi, hifadhi kubwa kuliko zote, yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Maji yalikuwepo kweli, lakini rada haionji chumvi.

Najua mtasema: afadhali ramani mbovu kuliko kukosa kabisa. Nakataa! Asiye na ramani hubaki na shaka, na shaka humfanya apime. Aliyepewa samawati hujaza ndoo akaenda zake.

Madai yangu ni matatu. Kila ramani ionyeshe kwa nukta visima vilivyopimwa, pamoja na tarehe. Pasipopimwa paachwe kijivu, hata kama mfadhili atanuna. Na rekodi za visima vya mashine, yaani kina, tabaka za mwamba na majaribio ya pampu, ziwekwe wazi ili yeyote azipakue. Ofisi moja niliyoendea ilinionyesha rundo la makabrasha, ikaniambia nilete barua. Nilipeleka. Hadi leo nasubiri jibu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wewe mwenzangu unayebofya ramani hizi, kabla hujachagua rangi, jiulize kama ungempa mwanao maji ya kisima hicho.